Kuvua bass Ziwa Naivasha: namna ya kuchagua fimbo, mshipi, chambo na mbinu

Mtu akiamua kuanza kuvua samaki aina ya bass, mara nyingi safari yake huanzia dukani. Anatoka na kisanduku kilichojaa vijisamaki vya plastiki vya kila rangi, fimbo nene iliyotengenezewa bahari, na mshipi wa kuvulia papa. Anapofika Naivasha anakutana na ukuta wa mafunjo, magugu maji yanayoelea na migunga iliyokufa imesimama majini, na kila anachorusha kinanasa. Kufikia saa nne asubuhi nusu ya kisanduku iko chini ya ziwa.

Hapa tutaanzia upande wa pili: kwanza samaki na maji yake, vifaa baadaye. Ukienda hivyo utagundua kwamba fimbo mbili na aina nne tu za chambo zinakutosha kabisa.

Samaki tunayemfuata

Bass wa Naivasha ni yule mwenye mdomo mkubwa, *Micropterus salmoides*, mwenyeji wa Amerika Kaskazini. Aliletwa ziwani mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa burudani. Utamtambua kwa mwili wa kijani, mstari mweusi ubavuni, na taya linalopita nyuma ya jicho.

Mwaka 1970 akaletwa mgeni mwingine mwenye asili ya Marekani, kamba mwekundu wa maji baridi wa Louisiana, mwenye magando. Kamba huyo alistawi, na bass wakamgeuza kuwa chakula. Bass wadogo hula zaidi wadudu wa majini. Wakishakua, kamba huwa sehemu kubwa ya mlo wao. Hili ndilo jambo linaloongoza uchaguzi wa chambo Naivasha. Video nyingi za mtandaoni zinatoka kwenye maziwa ambako bass hukimbiza makundi ya visamaki katikati ya maji, na huku mambo hayako hivyo. Hapa chambo kinachotambaa chini, chenye rangi ya kahawia, wekundu uliofifia au weusi, kitakufaa kuliko kijisamaki kinachong'aa.

Jambo la pili ni namna anavyokula. Bass si mkimbiaji. Hujibanza kivulini, kando ya gogo au chini ya magugu, akingoja kitu kipite karibu. Kikifika hufungua mdomo ghafla, maji yanavutwa ndani, na chakula kinaingia pamoja nayo. Ndiyo maana anapochukua chambo cha mpira huwezi kutarajia mvuto mkali. Utasikia kipigo kidogo, "tuk", au utaona mshipi unaenda pembeni taratibu bila sababu. Anayesubiri kuvutwa mkono atarudi nyumbani mikono mitupu.

Kuhusu ukubwa: rekodi ya dunia ni ya George Perry wa Georgia, aliyevua bass wa pauni 22 na aunsi 4 mwaka 1932, yaani kilo 10 hivi. Mwaka 2009 Manabu Kurita alimfikia katika Ziwa Biwa, Japani. Usifunge vifaa kwa kuwaza samaki wa namna hiyo. Bass wa kilo moja na nusu anatosha kukufurahisha, na kwa maji matupu mshipi wa pauni 8 (uzito unaoweza kuhimili kabla ya kukatika) ungemtoa bila shida. Nguvu ya ziada unayobeba ni kwa ajili ya magugu atakayojichimbia.

Kusoma maji kabla ya kufungua kisanduku

Ziwa liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,890, kwa hiyo asubuhi ni baridi na huwa shwari. Mchana upepo huinuka na mawimbi huchafuka. Panga kutoka alfajiri na kurudi kabla ya upepo kukolea. Bass naye hupenda mwanga hafifu, na siku ya mawingu hula kwa muda mrefu zaidi.

Sehemu za kutafuta ni hizi. Ya kwanza ni ukingo wa mafunjo, hasa panapokuwa na kipembe, kijighuba au mwanya. Ukingo ulionyooka mita mia moja una samaki wachache. Pale unapokata kona ndipo pa kurusha. Ya pili ni mabonge ya magugu maji. Haya husukumwa na upepo, kwa hiyo ramani ya wiki iliyopita haina maana. Muulize nahodha wa boti upepo wa jana ulielekea wapi, na msiingie kwenye mlango mwembamba ambao bonge likigeuka litaufunga. Ya tatu, na ninayoipenda kuliko zote, ni miti iliyozama. Maji yalipopanda sana mwaka 2020 yaliingia hadi kwenye mashamba na kuua migunga mingi ya ufukweni. Vigogo hivyo vimekuwa nyumba za bass. Ya nne ni upande wa Crescent Island, ambayo ni ukingo wa kreta iliyozama. Hapo kina kinaongezeka haraka na kuna mawe, na kamba hupenda mawe.

Upande wa kaskazini, Mto Malewa unapoingia, maji hujaa tope baada ya mvua. Msimu wa mvua ndefu mimi huwa sisumbuki na upande huo. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, tafuta mahali pengine, au vua karibu sana na kizuizi kwa chambo cheusi au chenye kutoa mtikisiko.

Fimbo mbili na rili zake

Fimbo ya kwanza iwe nyepesi: futi 6 na nusu hadi 7, nguvu ya wastani, na rili (kifaa cha kukunjia mshipi) ya kawaida ya kuning'inia chini ya fimbo, saizi 2500 au 3000. Hii utaitumia kwa minyoo ya mpira na kwa maji yasiyo na magugu mengi. Kama mfuko unaruhusu fimbo moja tu, nunua hii.

Fimbo ya pili iwe na nguvu zaidi: futi 7, ngumu kiunoni, kwa kazi ya magugu na miti. Wamarekani huiwekea rili ya ngoma, ile inayokaa juu ya fimbo na kudhibitiwa kwa kidole gumba. Ni nzuri, inarusha kwa shabaha, lakini inahitaji mazoezi, na ngoma ikizunguka kuliko mshipi unavyotoka utapata kiota cha nyuzi ambacho utakifumua asubuhi nzima. Anayeanza atumie tu rili ya kuning'inia ya saizi 4000 kwenye fimbo hii ngumu. Hakuna bass atakayelalamika.

Dukani, usitosheke na kuitikisa fimbo hewani. Mwombe mwenzako ashike ncha kwa vidole, wewe uinue mpini taratibu. Fimbo unayotaka inapinda kwenye theluthi ya juu, kisha inakataa. Ikipinda mpaka mkononi, ni laini mno kwa kusukuma ndoana kupitia mpira. Pitisha pia kipande cha pamba ndani ya kila pete ya fimbo; kikinasa, pete hiyo ina ufa na itakula mshipi wako.

Rili iangalie breki, yaani sehemu inayoachia mshipi samaki akivuta kwa nguvu. Funga mshipi kwenye mizani ya mkono ya samaki, vuta, na uweke breki iachie kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa pauni 12, yaani kilo 5 na nusu hivi, breki iachie kilo moja na nusu. Isikilize inavyoachia: itoke laini kama maji ya bomba. Ikikwama kisha kuachia kwa kishindo, mshipi utakatika samaki anapogeuka.

Mshipi

Kuna aina tatu. Nailoni ya kawaida ni rahisi, inavutika, inasamehe makosa, na kwa fimbo nyepesi pauni 10 au 12 inatosha. Florokaboni inazama na haionekani sana majini, lakini ni ngumu na hujikunja kwenye rili ndogo. Itumie kama kipande cha mwisho tu. Mshipi wa kusuka karibu hauvutiki, ni mwembamba kwa nguvu yake, na unakata mashina laini ya magugu. Kwa fimbo ngumu weka wa kusuka wa pauni 40 au 50, na ukivua ndani ya magugu ufunge moja kwa moja kwenye chambo.

Mshipi wa kusuka una tabia ya kuteleza ukizungushwa peke yake kwenye chuma. Anza na mizunguko michache ya nailoni, ndipo uunganishe. Jaza rili ibakize milimita 2 hivi hadi ukingoni. Ukijaza zaidi, mizunguko itamwagika. Ukijaza kidogo, hutarusha mbali.

Fundo moja linatosha kwa karibu kila kitu, fundo la Palomar. Kunja mshipi mara mbili kama sentimita 15. Pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoana. Kwa kitanzi hicho funga fundo la kawaida, bila kukaza, ndoana ikining'inia katikati. Pitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi. Lowesha kwa mate, kisha vuta pande zote mbili pamoja hadi likae juu ya tundu. Hakikisha nyuzi mbili hazijapandana, na usikaze fundo kavu: joto la msuguano hudhoofisha nailoni na florokaboni kabla hujarusha hata mara moja.

Chambo nne

*Mnyoo wa mpira, mtindo wa Texas.* Mnyoo wa plastiki laini ulianza kutengenezwa na Nick Creme huko Ohio mwaka 1949, na mpaka leo sijaona chambo cha bass kinachoupita kwa bei. Chukua mnyoo wa inchi 6 au 7, ndoana saizi 3/0 yenye kigoti (mkunjo mdogo) shingoni, na chubwi yenye umbo la risasi, gramu 5 hadi 7 kwa maji mafupi, 10 hadi 14 kwenye kina au upepo.

Namna ya kuvalisha: tanguliza chubwi kwenye mshipi, ncha yake nyembamba ikitazama fimbo, kisha funga ndoana. Ingiza ncha ya ndoana kwenye kichwa cha mnyoo, nusu sentimita ndani, itokeze ubavuni. Vuta ndoana mpaka kichwa kipande kwenye kile kigoti na kifiche fundo. Izungushe ndoana nusu mzunguko ili ncha itazame mwili. Sasa laza mnyoo ukining'inia wima kando ya ndoana, uone mkunjo wa ndoana unaishia wapi. Weka alama kwa ukucha. Toboa hapo, ncha itokeze upande wa pili, kisha uivute ngozi ya mpira mbele kidogo ili ncha ijifiche chini yake. Shika mshipi uutazame: mnyoo lazima uwe umenyooka. Ukiwa na kibiongo utazunguka majini na kusokota mshipi wote, na bass ataupuuza.

Rusha nusu mita kutoka kwenye gogo. Acha uzame mshipi ukiwa umelegea kidogo, macho yako kwenye mshipi, maana wengi huuchukua ukiwa bado unashuka. Ukifika chini, ngoja. Inua ncha ya fimbo kutoka namba 9 hadi namba 11 ya uso wa saa, shusha, zungusha ule ulegevu, ngoja tena. Ukisikia "tuk", shusha fimbo, kaza mshipi, kisha uinue kwa nguvu mara moja. Usipige mshipi ukiwa umelegea. Utakuwa unapiga hewa.

*Jigi yenye sketi ya mpira.* Ni ndoana yenye kichwa cha risasi na nyuzi za mpira, na nyuma yake unachomeka kipande chenye magando. Hii ndiyo kamba wa Naivasha. Chagua gramu 10 hadi 14, kahawia na nyeusi au nyekundu iliyofifia, yenye vinyweleo vya plastiki mbele ya ndoana vya kuzuia kunasa. Ivute chini polepole kwenye mawe, isimame, iruke kidogo, isimame. Kamba akishtuka hurudi kinyumenyume kwa mruko mfupi. Miruko mirefu ni ya video za mtandaoni.

*Spina ya waya.* Waya uliokunjwa, upande mmoja ndoana yenye sketi, upande mwingine majani ya chuma yanayozunguka. Gramu 10 inafaa. Kwa maji machafu chukua jani la mviringo, linatikisa maji zaidi. Kwa maji safi jani refu jembamba. Nyeupe na njano kali zinatosha. Izungushe kwa mwendo usiobadilika, na uilenge igonge kigogo makusudi. Samaki wengi huishika sekunde ileile inapogonga na kuyumba. Siku ya upepo mwepesi, ambapo huwezi kuusoma mshipi wa mnyoo, hii ndiyo ya kufunga.

*Chura wa mpira.* Mwili wake una uwazi ndani na ndoana mbili zimelala juu ya mgongo, kwa hiyo anateleza juu ya magugu bila kunasa. Tumia fimbo ngumu na mshipi wa kusuka, hakuna mjadala. Mrushe juu ya bonge la magugu, mtembeze kwa vipigo vifupi, na kila akifika kwenye tundu la maji msimamishe. Maji yakilipuka, zuia mkono wako. Ngoja hadi uhisi uzito, kisha vuta kwa nguvu zote na uendelee kuzungusha ili kichwa cha samaki kisipate nafasi ya kugeuka ndani ya magugu. Wanaokosa samaki kwa chura, karibu wote wamepiga mapema.

Vipi vile vijisamaki vigumu vyenye ulimi wa plastiki na ndoana tatutatu? Vinafaa upande wa mawe wenye maji safi. Kwingineko utakuwa unavilisha magugu. Kuhusu rangi kwa jumla: maji safi, kijani na kahawia; maji machafu au alfajiri, nyeusi na buluu. Anayekuuzia rangi ishirini anajua biashara yake.

Akishanasa

Bass huruka juu ya maji na kutikisa kichwa ili ateme ndoana. Ukiona mshipi unapanda, teremsha ncha ya fimbo hadi karibu na maji, uvute kwa ubavu, mshipi ubaki umekazwa. Mkiwa miongoni mwa miti, sekunde tatu za kwanza ndizo zinazoamua: mtoe mbali na kigogo kwanza, mambo ya breki baadaye.

Mdomo wake hauna meno ya kukata, una msasa tu, kwa hiyo mshike taya la chini kwa gumba na kidole cha shahada. Samaki mzito usimning'inize mlalo kwa taya peke yake. Weka mkono wa pili chini ya tumbo. Kama unamrudisha, lowesha mikono kwanza ili usimfute ute unaomlinda. Ndoana ikiwa imezama kooni, kata mshipi karibu nayo badala ya kuchimba na koleo. Ukimla, nyama yake ni nyeupe, haina miiba mingi, na inakaa vizuri kwenye mafuta na limau.

Leseni, boti na viboko

Uvuvi wa burudani Kenya unahitaji leseni ya Huduma ya Uvuvi ya Kenya. Ipate kabla ya safari, na mkifika ufukweni, iwe Kamere au kwingine, ulizia kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) sehemu ambazo haziruhusiwi kuvuliwa.

Sasa viboko. Wako ziwa zima, na sehemu nzuri za bass ndizo sehemu zao. Usivue ukiwa umesimama majini Naivasha, hata maji yakiwa ya magoti. Kwenye boti, vaeni maboya ya kujiokolea tangu kuondoka, na injini iwe ya kuwaka kwa mvuto wa kwanza. Mkiona mapovu yanakuja kwa mstari, au kichwa kimezama na hakijaibuka, ondokeni. Boti isikae kati ya kiboko na maji ya kina, wala kati ya mama na ndama. Nahodha akisema "tusogee", kunja mshipi bila kubishana, hata kama chura wako yuko juu ya tundu zuri. Viboko hutoka kula majani usiku, kwa hiyo jioni usitembee kando ya mafunjo ukitafuta mahali pa kurushia.

Ngurumo zikianza, lazeni fimbo chini na mrudi. Fimbo za kaboni hupitisha umeme.

Baada ya safari

Kata mita moja au mbili za mwisho za mshipi; ndizo zilizosuguana na miti. Legeza breki ili visahani vyake visibanwe hadi safari ijayo. Jaribu kila ndoana kwenye ukucha: isipokwaruza na kushika, inoe au itupe. Minyoo ya mpira ihifadhi kwenye mifuko yake yenyewe, kwa sababu ikichanganywa na chambo ngumu mpira huyeyusha rangi na vyote vinagandana. Na kamba au samaki hai wa Naivasha wasiondoke na wewe kwenye ndoo kwenda bwawa la shambani kwenu. Ziwa hili limeshaonyesha jinsi mgeni mmoja anavyoweza kubadilisha kila kitu.